Ukitaka Kulinda Nyumba ya Kupanga, Anza na Paka na Mbwa Wako

Anayetafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam ameshayazoea maswali ya dalali: mko wangapi, unafanya kazi wapi, utalipa miezi mitatu, sita au mwaka mzima. Akitaja kwamba ana mbwa, au paka wawili, sauti ya dalali hubadilika. "Baba mwenye nyumba hataki wanyama." Hapo wapo wanaokata tamaa wakamgawa mnyama wao, na wapo wanaonyamaza, wakalipa kodi, kisha wakamwingiza paka usiku ndani ya kapu. Wa kwanza hubaki na majonzi, na wa pili huishi kwa wasiwasi kila anaposikia hodi.

Wenye nyumba wengi wana sababu ya kukataa. Kuna aliyerudishiwa chumba kinachonuka mkojo hata baada ya kupigwa rangi mpya. Kuna aliyekuta mlango wa mbao umechanwa kuanzia kitasa hadi chini. Kuna aliyepigiwa simu na mpangaji mpya anayeumwa na viroboto katika nyumba ambayo yeye mwenyewe hana hata kuku. Gharama hizo waliingia mifukoni mwao kuzilipa. Kwa hiyo mpangaji mwenye mnyama anapoomba nyumba, anaomba kuaminiwa na mtu aliyekwisha kuumizwa na wengine.

Ushauri wangu wote katika makala haya unasimama juu ya jambo moja: karibu kila uharibifu anaoufanya paka au mbwa ndani ya nyumba unatokana na haja ambayo hakutimiziwa. Paka anayekojoa nyuma ya kochi ana choo kichafu, ni mgonjwa, au ni dume asiyehasiwa. Mbwa anayetafuna fremu ya mlango amefungiwa kutwa nzima bila la kufanya. Ukihangaika na doa peke yake, wiki ijayo utalisugua tena. Ukiitimiza haja ya mnyama, doa halirudi.

Ruhusa iandikwe, nyumba ipigwe picha

Neno la dalali si ruhusa. Yeye akishapokea chake ameondoka, na siku ugomvi ukizuka hatakuwepo. Zungumza na mwenye nyumba mwenyewe. Mweleze una mnyama gani, atalala wapi, nani atabaki naye ukisafiri, na kama amehasiwa. Mwonyeshe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu hutoka kwa mbwa, kwa hiyo hofu ya mwenye nyumba na ya majirani ina msingi, na kadi iliyopigwa muhuri na daktari wa mifugo huituliza kuliko maneno matamu. Chanjo ya kwanza hutolewa mtoto wa mbwa au wa paka anapofikisha umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari, kwa kawaida kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika maeneo mengi kampeni za chanjo hufanyika kuizunguka siku hiyo. Ulizia mapema katika ofisi ya mifugo ya kata au wilaya yako.

Mkikubaliana, mwombe aandike. Sentensi mbili ndani ya mkataba zinatosha: kwamba mpangaji ameruhusiwa kuishi na paka mmoja, na kwamba atagharamia uharibifu utakaosababishwa na paka huyo, ukiondoa uchakavu wa kawaida. Maneno hayo "uchakavu wa kawaida" usiyaache nje. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, na ile ya Kenya ya mwaka 2012, zinamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolipokea, lakini hazimbebeshi uchakavu unaoletwa na matumizi ya kawaida, isipokuwa mkataba wenyewe umesema vingine. Rangi iliyofifia kwa jua la dirishani ni uchakavu. Michirizi ya kucha za mbwa kwenye mlango ni uharibifu, na huo ni wako. Kama umetoa fedha ya dhamana, kama ilivyo desturi Nairobi na Mombasa na sasa katika maghorofa mengi ya Dar, ulizia kabisa ni mambo gani yatakatwa humo.

Siku unayokabidhiwa funguo, kabla hujaingiza hata godoro, piga picha kila chumba: sakafu, kona za kuta, milango pande zote mbili, nyavu za madirisha, dari, mabomba. Panapo ufa au doa, sogea karibu. Mtumie mwenye nyumba picha hizo kwa simu siku hiyohiyo, ili tarehe ibaki kwenye ujumbe. Andikeni pia orodha fupi ya kasoro zilizopo, nyote wawili mtie saini, na kama mkataba wenu unapita kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, orodha iambatanishwe humo. Karatasi hiyo inawalinda nyote. Wewe hutalipishwa doa la mpangaji aliyekutangulia, naye hatabishiwa doa lako.

Ukiwa bado unachagua, iangalie nyumba kwa macho ya mnyama wako. Sakafu ya terazo au ya marumaru husafishika kirahisi. Saruji iliyopasuka, zulia lililogundishwa chini na mbao zisizo na vanishi hunywa kila kimiminika. Katika nyumba za zamani za vyumba sita na korido katikati, mara nyingi kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, na dari ikiwa na tundu paka hupanda na kuzurura juu ya vyumba vya wapangaji wote. Mkojo ukidondokea silingibodi kutoka juu huacha duara la kahawia lisilofichika kwa rangi moja. Ziba matundu hayo kwa wavu wa waya kabla paka hajayajua.

Mkojo ndio adui mkubwa

Tuanze na paka, maana mkojo wake ndio unaozifukuza familia nyingi kwenye nyumba za watu. Paka kwa maumbile hupenda kuzika uchafu wake mahali pakavu na pasafi. Akipewa mahali hapo, hana haja ya kutafuta pengine. Weka beseni pana lenye kina cha kutosha, ulijaze mchanga mkavu uliochekechwa au maranda ya mbao, kimo cha vidole vitatu au vinne. Idadi nzuri ya mabeseni ni moja kwa kila paka, na moja la ziada. Paka wawili wanaolazimishwa beseni moja huanza kugombania, na mnyonge ndiye atakayehamia nyuma ya kabati.

Beseni likae kwenye kona tulivu, mbali na bakuli la chakula na mbali na mlango unaopigwapigwa. Chini yake tandika plastiki au mkeka wa plastiki unaotokeza pande zote, kwa sababu mchanga unaosambazwa na miguu ya paka hukwaruza sakafu iliyong'arishwa. Ondoa kinyesi kila siku, na mwaga vyote, osha na ubadilishe kila wiki. Usafi wa kila siku unalinda pia afya yenu. Vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Kinyesi kikiondolewa mapema, hatari hupungua sana. Hata hivyo mama mjamzito aachie mwingine kazi hiyo, na ikibidi aifanye mwenyewe, avae glavu na anawe kwa sabuni.

Mchanga wa paka usimwagwe chooni. Hauyeyuki. Hutulia kwenye kona za bomba na chini ya shimo la maji taka, na gari la kunyonya likija huondoka na maji na kuacha tope la mchanga palepale. Shimo lililojaa kabla ya wakati katika nyumba ya wapangaji wanne ni ugomvi wa nyumba nzima. Funga mchanga huo kwenye mfuko, uende na taka nyingine.

Paka dume akibalehe huanza kunyunyiza mkojo ukutani akiwa amesimama, mkia juu, ili kuwajulisha madume wengine kwamba eneo hilo ni lake. Harufu yake ni kali kupita mkojo wa kawaida, na hakuna beseni litakalomzuia, kwa sababu hapo hatafuti choo. Dawa ni kumhasi, na umri mzuri ni karibu miezi 6, kabla hajaizoea tabia hiyo. Madume wengi wakihasiwa huiacha kabisa, na jike akifungwa uzazi hukuepusha na vilio vya usiku, madume kujazana uani na watoto usio na pa kuwapeleka. Gharama ya daktari wa mifugo hulipwa mara moja. Ukuta unaonyunyiziwa utaugharamia kila mwaka.

Paka aliyekuwa na adabu akianza ghafla kukojoa hovyo, mpeleke kwa daktari kabla ya kumgombeza. Huenda njia yake ya mkojo inauma, naye amelihusisha beseni na maumivu hayo. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu huenda ameziba, na hali hiyo humuua ndani ya siku chache. Usisubiri kesho.

Kwa upande wa mbwa, mtoto wa miezi 3 hawezi kubana mkojo usiku kucha, na kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi ila kujificha. Mtoe nje kila anapoamka, kila amalizapo kula, kila amalizapo kucheza, na kabla ya kulala. Akikojoa nje, msifu palepale. Kwa ghorofani, mzoeze gazeti au turubai mahali pamoja karibu na mlango, halafu lisogeze taratibu hadi nje.

Ajali itatokea tu, na hapo wakati una thamani kubwa. Kausha kwanza kwa kitambaa kwa kugandamiza, usisugue, maana kusugua kunausukuma mkojo ndani zaidi. Osha kwa maji baridi na sabuni, suuza, kausha. Ukiishia hapo, mkojo wa paka unaweza kukusaliti masika ikiingia. Ndani yake mna asidi ya yuriki, ambayo hukauka ikawa chembechembe zisizoyeyuka vizuri katika maji. Hewa ikiwa na unyevu, harufu hufufuka, na paka akiinusa huona pale ndipo chooni kwake. Kwa hiyo malizia kwa sabuni ya vimeng'enya inayouzwa katika maduka ya vifaa vya wanyama, uiache iloweshe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Isipopatikana, siki nyeupe iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa husaidia kupunguza harufu, ikifuatwa na bekingi soda ya kuokea ikiachwa mpaka ikauke na kufagiliwa.

Hapa kuna maonyo mawili. Siki usiitumie kwenye terazo, kwenye saruji tupu wala kwenye mawe halisi ya marumaru yaliyong'arishwa, kwa kuwa asidi huila chokaa iliyomo na kuacha baka lisilong'aa tena. Marumaru za kiwandani zenyewe zinastahimili, ila suuza upesi ile saruji nyeupe iliyo kati yake. Onyo la pili ni la uhai: usimwage jiki juu ya mkojo. Klorini ikikutana na amonia inayotokana na mkojo hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ndipo pabaya zaidi. Jiki isichanganywe na siki pia.

Kama unasikia harufu na huoni doa, subiri usiku, zima taa, umulike sakafu na kuta kwa ile tochi ya mwanga wa urujuani wanayotumia wenye maduka kukagua noti bandia. Mkojo uliokauka hung'aa kwenye mwanga huo. Zungushia chaki penye doa, asubuhi usafishe. Sakafu ya saruji ikishasafishwa na kukauka kabisa, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuipaka rangi ya sakafu, ili isinywe tena.

Kucha na meno

Paka hukwaruza ili kuondoa maganda makuukuu ya kucha, kujinyoosha mgongo, na kuacha harufu ya nyayo zake. Hawezi kuacha. Anachoweza ni kuhamia kwenye kitu ulichompa, kama kitu hicho ni kizuri kuliko mlango. Chukua gogo au ubao mnene wenye urefu wa karibu mita moja, uuzungushie kamba ya katani kwa kubana sana, uupigilie kwenye kitako kizito kisichoyumba. Usimamishe karibu na mahali anapolala, kwa sababu paka hupenda kukwaruza anapoamka, au palepale alipozoea kuharibu. Kona ya mlango aliyoizoea ifunike kwa plastiki ngumu kwa wiki chache. Punguza ncha za kucha kila baada ya wiki mbili au tatu, ukikwepa ile sehemu ya waridi yenye damu. Kung'oa kucha za paka kabisa ni ukatili: ni kumkata kipande cha mfupa cha kila kidole.

Nyavu za madirisha zinahitaji mkazo wa pekee huku kwetu, kwa sababu tundu moja ni njia ya mbu na malaria. Nyavu laini za nyuzi hazimudu uzito wa paka anayepanda akimfuata mjusi. Mwombe fundi aluminiamu akuwekee wavu wa waya kwenye nusu ya chini ya madirisha mawili au matatu anayoyapenda paka wako, kisha msogezee meza au rafu ya kukalia mbele ya dirisha mojawapo. Paka aliye na pa kukaa akitazama nje hana haja ya kuning'inia kwenye wavu.

Mtoto wa mbwa hutafuna sana anapobadilisha meno, kati ya miezi 3 na 6 hivi. Mpe mpira mgumu au kipande cha ngozi kinene, na uondoe viatu na nyaya za umeme usawa wa mdomo wake. Mbwa mkubwa anayetafuna au kuparua mlango kila ukitoka anakueleza kwamba upweke umemzidi. Mtembeze alfajiri kabla lami haijapata moto, na tena jioni. Nusu saa ya matembezi kabla ya wewe kwenda kazini huokoa mlango kuliko bati lolote utakalopigilia. Mzoeze kubaki peke yake kidogo kidogo, na umwachie mfupa mkubwa mbichi wa kuhangaika nao. Mifupa iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vyenye ncha.

Kupe na viroboto hukaa kwenye nyumba

Watu wengi humwogesha mbwa dawa wakashangaa kupe wanarudi baada ya wiki mbili. Sababu ni kwamba kwa wakati wowote kupe na viroboto wengi hawako mwilini mwake. Kwa viroboto, wale wazima unaowaona ni sehemu ndogo, karibu asilimia 5. Waliobaki ni mayai, funza na vifukofuko vilivyotawanyika kwenye zulia, matandiko na nyufa za sakafu. Kiroboto aliye ndani ya kifukofuko anaweza kungoja miezi kadhaa hadi ahisi mtikisiko na joto la kiumbe, ndipo atoke. Ndiyo maana mpangaji mpya akifungua nyumba iliyokaa tupu huumwa siku ya kwanza.

Kupe wa kahawia wa mbwa ni mkaidi zaidi. Anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba. Jike akishashiba damu hushuka, hupanda ukuta, huingia kwenye ufa nyuma ya fremu ya mlango au chini ya ukingo wa dari, na hutaga mayai kwa maelfu. Ukiona kupe wanatambaa ukutani, usihesabu walio mbele yako. Fikiria walio ndani ya ufa.

Kwa hiyo tibu vyote kwa pamoja: mnyama, matandiko yake, na jengo. Mpe mnyama dawa aliyoshauri daktari wa mifugo kulingana na uzito wake. Matandiko yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani kila wiki. Fagia kona zote, nyufa zizibwe kwa puti au saruji, kisha fundi apulizie dawa kwenye nyufa na fremu, arudie baada ya wiki mbili hadi tatu ili kuwakamata walioanguliwa. Kuziba nyufa ni marekebisho ambayo mwenye nyumba atayafurahia, kwa hiyo mwambie, huenda mkachangia gharama.

Kama una mbwa na paka pamoja, soma kila chupa kwa makini. Permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za viroboto za mbwa na katika baadhi ya pulizo za wadudu, inaweza kumuua paka. Amitrazi ya kuogeshea mbwa nayo si ya paka. Nyumba ikipuliziwa, paka akae kwa jirani mpaka kila kitu kikauke na madirisha yafunguliwe.

Uani, jikoni na kwa majirani

Mwenye nyumba hawezi kuishi nawe siku zote, lakini majirani wanaishi nawe, na habari zako atazipata kwao. Mbwa wa kulinda awe na banda lenye kivuli, lililoinuliwa kutoka ardhini, mbali na dirisha la jirani. Asifungwe mnyororo mfupi kutwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mbwa aliyefungwa siku nzima hugeuka mkali, hubweka usiku kucha na huchimba mashimo kando ya msingi wa ukuta. Mashimo hayo yajazwe na kushindiliwa mapema, kwani mvua ikiingia humo hulowesha msingi na rangi ya ndani ikaanza kubanduka.

Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani, Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate na unyevu wa mbwa ni najisi na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo hata pale mama mwenye nyumba anapokubali mbwa, lindeni baraza na ngazi za pamoja, kamba za nguo na mahali pa kutawadhia. Mbwa apite njia yake, akiwa na kamba shingoni. Paka kwa upande wake hupendwa na kuhurumiwa, na ndiyo maana wanazagaa kwa uhuru Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Lakini kupendwa huko hakumwondolei jirani haki ya kutokutwa na kinyesi kwenye bustani yake ya mchicha.

Chakula nacho huacha alama. Dagaa na vichwa vya samaki vikichemshwa kila siku ndani, harufu huingia kwenye mapazia, kabati na rangi ya dari. Pikia nje, au pika cha siku tatu kwa pamoja na ukihifadhi kwenye friji. Mabaki yasilale kwenye bakuli, maana huita panya na sisimizi, na panya akishaingia darini hiyo ni kesi nyingine. Nywele za mbwa unayemwogesha bafuni zikusanywe kwa kichujio juu ya tundu la maji, zisiende kuziba chemba.

Rekebisha ukiwa bado unaishi humo

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye mnyama ana nyufa nyingi kuliko mpangaji mwingine. Jiwekee siku moja kila mwezi ya kuzunguka nyumba na picha zako za siku ya kwanza mkononi. Michirizi midogo ya mlangoni husawazishwa kwa msasa, ikajazwa vumbi laini la mbao lililochanganywa na gundi ya mbao, ikapigwa msasa tena na kupakwa vanishi. Ukutani, muulize mwenye nyumba aina na namba ya rangi iliyotumika, ununue kopo dogo. Kiraka cha rangi inayokaribiana hujitokeza kuliko doa lenyewe, kwa hiyo ukuta wenye madoa mengi upake wote kutoka kona hadi kona. Doa la mkojo lipakwe kwanza rangi ya mafuta ya chini inayozuia madoa, ndipo rangi ya maji ifuate, la sivyo litapenya na kurudi.

Jambo kubwa kama mlango uliopasuka au bomba lililoziba mwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo, na umwambie wewe ndiye utakayelipa. Ukijitaja mapema, atakuamini katika mengine. Akigundua mwenyewe, atahisi kuna mengine uliyomficha.

Ukikaribia kuhama, anza mwezi mmoja kabla. Dawa ya viroboto na kupe ipuliziwe mara mbili kwa nafasi ya wiki mbili, nyavu zibadilishwe, kuta zifutwe, beseni la paka litolewe na mahali pake paoshwe kwa sabuni ya vimeng'enya. Kisha mwite mtu asiye na mnyama aingie ndani madirisha yakiwa yamefungwa, akuambie anasikia harufu gani. Usiitegemee pua yako: imeishi na harufu hiyo muda mrefu na imekwisha kuizoea. Baada ya hapo zunguka na mwenye nyumba chumba kwa chumba, orodha ya siku ya kwanza mkiwa nayo, mtie saini tena, na umwombe aandike mistari miwili kwamba uliishi na mnyama na ukairudisha nyumba ikiwa nzima.

Karatasi hiyo itakufungulia mlango wa nyumba ijayo, na itamsaidia hata mtu usiyemjua. Mwenye nyumba aliyepokea nyumba safi kutoka kwa mpangaji mwenye paka hatakuwa na sababu ya kumfukuza mlangoni anayekuja baada yako na paka wake. Mitaani na majalalani kuna paka na mbwa wengi walioachwa na watu waliokuwa wakihama. Baadhi yao wangebaki na watu wao kama wenye nyumba wangekuwa na mfano mmoja mzuri wa kuukumbuka. Mfano huo unaweza kuwa wewe, ukianza na beseni safi, chanjo na matembezi ya asubuhi.